Nilivyoacha Kuandika Mabango

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kiongozi akiwapenda wanyonge kwa dhati, mengine yote ni urembo. Bunge, vyama vingi, magazeti, mahakama, kwangu hayo yalikuwa mambo ya wasomi wa Dar es Salaam na wafadhili wao. Mwananchi wa kawaida anataka akute dawa zahanati, mtoto wake asirudishwe nyumbani kwa sababu ya ada, na mwizi wa mali ya umma akione cha mtema kuni. Akipatikana mtu wa kuyatenda hayo, apewe nafasi afanye kazi, asisumbuliwe. Leo siamini hivyo tena. Nataka kueleza nilivyofika hapa nilipo, kwa sababu wapo wengi ninaowaheshimu ambao bado wako pale nilipokuwa, na sababu zao nazijua vizuri.

Nilizaliwa Geita mwaka 1957, nikafundisha shule za msingi za Kanda ya Ziwa hadi nilipostaafu 2017. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipopita kukusanya maoni mwaka 1991, nilisimama mbele za watu nikasema chama kimoja kibaki. Tulikuwa wengi: karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni nchini walisema hivyo. Pamoja na wingi huo, Tume ikapendekeza vyama vingi, Mwalimu Nyerere naye akawahimiza wana-CCM wenzake wakubali, na mwaka 1992 mfumo ukabadilishwa. Niliumia. Nilijiuliza ni demokrasia gani hiyo inayowapa asilimia 20 walichokitaka na kuwanyima 80. Swali hilo nililibeba zaidi ya miaka ishirini. Kila nilipowaona wapinzani wakigombania ruzuku, au mbunge akipita na gari jipya huku darasani kwangu watoto wamekaa sakafuni, nilizidi kujiona nilisema kweli.

Kwa hiyo John Pombe Magufuli alipoapishwa kuwa Rais tarehe 5 Novemba 2015, nilikuwa nimemsubiri siku nyingi. Hata mwezi haujaisha akaingia Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala chini, na uongozi wa hospitali ukaondolewa. Sherehe za Uhuru za Desemba 9 akazifuta, siku ikawa ya usafi, fedha zake zikaelekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge. Januari 2016 elimu bila ada ikaanza hadi kidato cha nne. Hilo la mwisho sikulisoma gazetini, lilinikuta kazini. Walikuja kuandikishwa darasa la kwanza watoto wa miaka tisa na kumi ambao hawajawahi kushika penseli. Kulikuwa na mama mmoja ambaye kwa muda mrefu alikuwa akipita njia ya nyuma ya shule asije akakutana na mwalimu mkuu, maana alikuwa na deni la mchango. Asubuhi ile alikatiza uwanja wa shule katikati, amemshika mwanawe mkono, akatusalimia kwa sauti.

Furaha ile ninayo mpaka leo. Anayetaka kuzungumza nami kuhusu demokrasia na aanze kwa kumheshimu mama yule. Wakosoaji wengi wa siasa za namna ile huanza kwa kuwadharau waliozishangilia, kana kwamba tulirogwa. Tulikuwa na madai ya haki yaliyolala miaka, tukapata mtu aliyeonekana kuyasikia.

Sasa nifike kwenye mabango.

Katika ziara za viongozi wakati ule ilikuwa desturi watu kujipanga kando ya barabara na mabango yenye kero zao. Msafara ukisimama, kiongozi anasoma bango, anamwita mwenyewe apande juu, anampa kipaza sauti, kisha anamgeukia ofisa anayehusika ajibu palepale mbele ya umati. Ofisa anatetemeka, umati unashangilia, amri inatolewa. Kijijini kwetu mwandishi wa mabango nilikuwa mimi, kwa sababu ya mwandiko. Watu walikuja nyumbani jioni na karatasi ya manila na kalamu ya maka. Niliwafundisha kwamba bango lisizidi maneno saba, maana anayelisoma yuko kwenye gari. Herufi ziwe na kimo cha kiganja. Wino uwe mweusi, mwekundu hauonekani vumbi likitimka. Niliandika mabango ya mashamba, ya mirathi, ya mishahara ya walinzi, ya binti aliyepigwa na mumewe. Nilikuwa najisikia mtumishi wa watu kuliko nilivyojisikia darasani.

Jirani yangu mmoja, mjane, alikuwa amenyang'anywa shamba na shemeji zake. Kesi yake ilikuwa imeshafunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, inapigwa tarehe, anauza kuku apate nauli ya kwenda kuambiwa arudi mwezi ujao. Nikamwandikia bango. Siku kiongozi mmoja wa ngazi ya mkoa alipopita, bango likaonekana. Mama akapanda jukwaani, akalia, akaeleza. Shemeji wawili wakaitwa hapohapo, wakaambiwa watoke shambani kabla jua halijazama, na kwa kuwa mmoja wao alijaribu kusema ana karatasi, akapakiwa kwenye gari la polisi. Tulipiga vigelegele. Jioni mama alinijia na jogoo.

Mita chache kutoka pale aliposimama kulikuwa na mama mwingine, mwenye kesi inayofanana na ile kama pacha. Bango lake pia nililiandika mimi, kwa kalamu ileile. Gari halikusimama upande wake. Alirudi nyumbani amelikunja chini ya kwapa, na kesho yake akaniuliza, "Mwalimu, langu liliandikwa vibaya?" Sikuwa na jibu la kumpa. Haki ya huyu na haki ya yule zilitofautishwa na mahali dereva alipokanyaga breki.

Lakini hata aliyepata hakupata. Baada ya kurudishiwa shamba, mjane yule aliacha kwenda barazani. Aende kufanya nini wakati mkubwa ameshasema? Shauri lake likafutwa kwa kutohudhuria. Yule kiongozi akahamishwa, kama wanavyohamishwa. Shemeji wakarudi, safari hii na wakili, wakafungua shauri lao wenyewe. Mama akaulizwa hukumu iko wapi, hati iko wapi, muhtasari wa kikao uko wapi. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya siku ile na watu waliokuwepo. Amri iliyotolewa kwa mdomo juu ya gari haikuwa imeandikwa popote. Alishindwa.

Nililiona jambo hilohilo likitokea kwa kipimo cha nchi nzima, na lilinigusa kwa sababu lilihusu walimu. Mwaka 2018 mifuko ya hifadhi ya jamii iliunganishwa kwa sheria, na kanuni zilizofuata zikaleta kikokotoo kipya: mstaafu apewe kwa mkupuo asilimia 25 ya mafao yake, wakati wengi wetu kwenye utumishi wa umma tulikuwa tukipata asilimia 50. Kelele zikawa kubwa. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais akawaita viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu, akasimamisha kikokotoo kile, akasema cha zamani kiendelee hadi 2023. Shuleni nilikofundisha walimu walikumbatiana. Mimi nilikuwa nimeshalipwa changu, lakini nilifurahi kwa ajili yao, nikasema huyu ndiye rais wa wanyonge.

Ilinichukua muda kujiuliza sheria na kanuni zile zilitungwa na nani. Zilitungwa na Serikali hiyohiyo na Bunge lililokuwa na wabunge wengi wa chama chake. Bunge lenyewe tulikuwa hatulioni tena, kwa sababu tangu Januari 2016 televisheni ya taifa ilikuwa imeacha kurusha mijadala yake moja kwa moja. Yaani kufunga mlango hatukuonyeshwa, tukaonyeshwa kufungua, kisha tukamshukuru aliyefungua. Na kwa kuwa ukombozi ule ulikaa katika kauli ya mtu mmoja, haukudumu hata kufika mwaka aliousema: Julai 2022 kikokotoo cha asilimia 33 kikaanza kutumika. Mwalimu mwenzangu aliyestaafu baada ya hapo alinionyesha hesabu zake. Nilimkumbuka mjane wa shamba.

Hata hivyo yote hayo ningeweza kuyavumilia, nikasema ni kasoro za utekelezaji. Kilichonibadilisha ni fomu.

Kijijini kwetu yupo kijana niliyemfundisha kusoma na kuandika. Alijiunga na upinzani, jambo ambalo hatukuwahi kukubaliana, tukabaki tunasalimiana vizuri tu. Kijana huyu alikuwa na tabia moja: katika mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu, yeye ndiye aliyeuliza mapato na matumizi. Alikuja na daftari. Akisomewa kwamba mifuko ya saruji iliyonunuliwa ni kadhaa, anauliza stakabadhi iko wapi, na iliyoingia ukutani ni mingapi. Alikuwa anachosha. Wazee walimgunia. Lakini choo cha shule yetu kilikamilika kwa sababu ya maswali yake, na mwenyekiti mwenyewe, mtu wa CCM kama mimi, alikiri hivyo kwangu.

Mwaka 2019 akachukua fomu kugombea uenyekiti wa kijiji. Ikarudishwa: hakuteuliwa, amekosea kujaza. Alikuja nayo nyumbani usiku. "Shikamoo Mwalimu. Naomba uisome wewe." Niliwasha taa nikaisoma mstari kwa mstari, kama nilivyokuwa nikisahihisha insha zake. Jina, umri, kazi, wadhamini, saini. Kosa lililotajwa ni kwamba jina la chama aliliandika kwa kifupi. Mwandiko ulikuwa wangu, maana herufi zake alijifunza kwangu, hata mkia wa "g" anauvuta kama mimi. Nilikuwa nimemfundisha kwamba ukitaka kitu katika nchi hii unaandika, unaandika vizuri, na unaweka saini. Nikamwangalia, sikuweza kumwambia neno.

Hakuwa peke yake. Wagombea wengi wa upinzani nchini waliondolewa kwa namna hiyo, vyama vyao vikasusa, na Novemba 24 CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya vijiji na mitaa. Mwaka uliofuata Rais akashinda kwa asilimia 84. Mimi ni mtu wa CCM tangu ujana na ningepaswa kufurahi. Nilichoona ni mkutano wa kijiji uliofuata: taarifa ya mapato ikasomwa kwa dakika chache, ikaulizwa kama kuna swali, kukawa kimya, tukaimba tukatawanyika. Mkutano uliofuata akidi haikutimia. Watu wakawa wanasema kuna haja gani, tusubiri mkubwa apite.

Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria baba yangu. Baba alikuwa mkulima wa pamba. Mwaka 1954 wakoloni walikataza chama cha TANU kufanya kazi huku Kanda ya Ziwa, na katazo lile likadumu hadi 1958. Hoja yao ilikuwa kwamba siasa zinawapotezea watu muda wa kufanya kazi na kuvuruga amani. Wakulima hawakusubiri msafara wa Gavana. Walikuwa na vyama vyao vya ushirika, walivyovianzisha akina Paul Bomani kwa sababu walikuwa wanapunjwa kwenye mizani. Walichaguana, walikaguana hesabu, walijifunza kuendesha mkutano. Mwaka 1958 watu wa Geita, maelfu, walitembea hadi Mwanza kupinga halmashauri ya mseto wa rangi waliyopangiwa. Baba alikuwamo. Alikuwa akisimulia kwamba hawakwenda kuomba msaada wa mtu, walikwenda kukataa jambo lililoamuliwa bila wao.

Juni 2016 polisi walipozuia mikutano ya hadhara, na baadaye ikatangazwa kwamba siasa zisubiri hadi 2020, sababu tulizopewa zilikuwa zilezile: watu wafanye kazi, amani ilindwe. Safari hii aliyezitoa alikuwa mtu wetu, wa mkoa wetu, anayesema Kisukuma jukwaani. Ndiyo maana sikuisikia sauti ya Gavana ndani yake.

Na tuseme ukweli, hakuanza yeye. Serikali ya Uhuru ilikuwa na mwaka mmoja tu ilipotunga sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, 1962. Ghana ya Nkrumah ilikuwa imeshatunga ya kwake 1958. Halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972 ili, tuliambiwa, madaraka yasogee kwa wananchi. Vyama vya ushirika, vile vya akina baba, vilivunjwa mwaka 1976 kwa jina la wakulima. Kila mara chombo ambacho wananchi waliweza kusimama ndani yake wakauliza kiliondolewa na mtu anayewapenda wananchi, na nadhani Mwalimu Nyerere aliwapenda kweli. Hili ndilo linalonipa taabu katika nchi zilizotawaliwa na wakoloni. Tuliurithi utawala uliojengwa kwa ajili ya kuamuru. Bwana shauri aliondoka, kiti chake kikabaki, na matumaini yetu yote tukayaelekeza katika kumpata mtu mwema wa kukikalia. Hadi leo sheria ya mwaka 1997 ya tawala za mikoa inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani saa 48. Nimeshuhudia mwalimu mkuu akipelekwa mahabusu kwa amri kama hiyo, mbele ya wanafunzi wake, kwa sababu darasa halijaezekwa. Wazazi walipiga makofi. Walikuwa na haki ya kukasirika, matofali waliyafyatua wao. Lakini hakuna aliyeuliza fedha za mabati zilikwamia wapi, maana mtu ameshashughulikiwa.

Baada ya uchaguzi ule wa vijiji ndipo nikatafuta kusoma vizuri mapendekezo ya Tume ya Nyalali, ile niliyokuwa nimeikasirikia. Kumbe haikuishia kwenye vyama vingi. Ilitaja sheria 40 za ukandamizaji zinazopaswa kufutwa au kurekebishwa, nyingi zikiwa za mkoloni au zilizoandikwa kwa roho yake. Vyama tulivikubali, orodha ile tukaiacha kwa sehemu kubwa, na mimi niliyebishana miaka yote kuhusu asilimia 80 na 20 sikuwa naijua. Swali langu la 1991 nalo likapata jibu, naamini hivyo. Wengi wana haki ya kutawala. Hawana haki ya kuwanyamazisha wachache, kwa sababu kesho wengi haohao wanaweza kubadili mawazo na watahitaji mtu aliyebaki amesimama mahali anauliza. Kijana wangu wa daftari alikuwa mmoja dhidi ya kijiji kizima, na choo cha watoto wa kijiji kizima kilitokana na yeye.

Magufuli alipofariki Machi 2021 nililia. Nasema hivyo kwa wale wanaodhani kubadilika kwangu ni chuki. Na sisemi kwamba tatizo lilizikwa naye Chato. Mikutano ya hadhara iliruhusiwa tena Januari 2023, nikaishukuru hatua hiyo; Novemba 2024 uchaguzi wa serikali za mitaa ukafanyika, na ushindi wa chama changu ukawa tena kwenye asilimia 99. Kiti ni kilekile.

Mke wangu hakubaliani nami. Ananiambia wanyonge hawawezi kungoja vikao, kwamba mjane yule alilima misimu miwili kwa sababu ya bango na asingelima hata mmoja kwa sababu ya baraza. Ni kweli alilima. Baraza linalompiga mtu tarehe mpaka anamaliza kuku ndilo linalomwandalia njia mkombozi anayefuata, na wanaotetea taasisi bila kusema jinsi zinavyowatesa maskini hawatatusaidia. Tunabishana juu ya hili hadi chakula kinapoa.

Mabango nimeacha. Wanaokuja sasa nawaandikia barua, nakala tatu, tarehe juu, na nawasindikiza ofisini hadi nakala yao igongwe muhuri wa kupokelewa. Ni kazi ya polepole na wengine wananikimbia. Mama yule ambaye gari halikusimama upande wake alikubali. Shauri lake lilikwenda miaka, lakini alipewa hukumu ya maandishi, na shamba analilima akiwa na karatasi ndani. Kijana wa daftari hajagombea tena, ila mikutanoni amerudi, na siku hizi tunakaa benchi moja. Ijumaa hii kuna mkutano wa robo mwaka. Yeye atauliza fedha za kisima, mimi nitauliza kwa nini muhtasari wa mkutano uliopita haujabandikwa ubaoni.